Sauti nne, albamu thelathini: shajara ya mradi wa kusikiliza

Januari 11, 2025

Novemba iliyopita mwenzangu wa kazi ghalani alifiwa na baba yake, nikaenda kuwapa pole. Ni watu wa shamba, nje ya Louisville, mji ninaoishi hapa Kentucky. Ibada ilipokaribia mwisho wazee wanne walisimama kando ya jeneza. Hakukuwa na kinanda wala gitaa. Mmoja alivuma kidogo kuwapa wenzake ufunguo wa wimbo, wakaanza. Mimi nimeimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, kwenye kwaya tangu nina miaka kumi na sita, na nilijua sauti ya tatu ina kazi gani. Lakini yule mzee wa tena alipopanda juu ya wenzake wote, kwa sauti nyembamba, kavu, iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi, mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Mjane alifumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa.

Tangu siku ile sijatulia, na mradi huu umezaliwa hapo. Nimejiwekea albamu 30 za nyimbo za Injili za Kusini mwa Marekani. Nusu ni za zile kwateti, makundi ya waimbaji wanne, zinazoimba na piano, nusu ni za blugrasi, muziki wa banjo, fidla na mandolini. Muda ni hadi mwisho wa Julai. Kila albamu nitaisikiliza mara tatu: kwanza bila kufanya kitu kingine chochote, pili nikiwa na daftari na kufuata sauti moja tu mwanzo hadi mwisho, tatu pamoja na wenzangu.

Wenzangu ni watatu, wote wa ibada yetu ya Kiswahili. Besi ni Papa mmoja wa Uvira, Kongo, mzee wa miaka sitini na kitu. Baritoni ni kijana wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Anayebeba tuni, yaani wimbo wenyewe, ni kaka yetu wa Kakamega. Lengo ni kuandika nyimbo sita kwa solfa, zile herufi za do-re-mi, na kuziimba sisi wanne kwa Kiswahili.

Januari 26

Albamu tatu zimekwisha. Nilianza na Bill Monroe kwa sababu ni mtu wa jimbo hili, mzaliwa wa Rosine mwaka 1911, na bendi yake, Blue Grass Boys, ndiyo iliyoupa muziki wa blugrasi jina. Albamu yake ya Injili, I Saw the Light, ilitoka mwaka 1958.

Kitu cha kwanza nilichoandika daftarini: banjo iko wapi? Nilitegemea ile ngurumo ya nyuzi inayojulikana dunia nzima. Kumbe kwa nyimbo za kwateti Monroe alizoea kuwaweka kando wa banjo na wa fidla, zikabaki mandolini na gitaa, na bendi ileile ikawa Blue Grass Quartet. Wanaume walewale waliokuwa wakishindana kwa vidole dakika tano zilizopita wanakusanyika kwenye maikrofoni moja na kuacha ufundi wa mikono. Jambo hilo limenigusa sana. Makanisani kwetu siku hizi mwimbaji anapigana na spika ili asikike.

Februari 9

Nimepoteza wiki mbili, na sababu ninaiandika ili nisiirudie.

Nilichukua wimbo mmoja wa Monroe, nikaupunguza kasi kwa programu ya simu hadi asilimia 70, nikaanza kuandika solfa. Nilifanya kama nilivyofundishwa: sauti ya juu kabisa ndiyo tuni, nikaiandika mstari wa kwanza. Zile nyingine nikazipanga chini yake. Jumanne tukakutana jikoni kwangu, nikagawa karatasi. Kaka wa Kakamega akaimba mstari wa kwanza peke yake. Ulikuwa wimbo wa ajabu, unaning'inia juu juu, haushuki nyumbani. Akasimama katikati akaniuliza, "Mwalimu, huu wimbo una mwenyewe kweli?"

Swali hilo ndilo lililonifungua masikio. Tuni haikuwa juu. Ilikuwa katikati. Katika muziki huu anayebeba wimbo husimama sauti ya pili kutoka juu, na tena huimba juu yake, kama paa juu ya nyumba. Baritoni hukaa chini ya tuni, besi chini kabisa. Mwenye tuni akitulia kwenye d, tena yuko kwenye m iliyo juu yake, baritoni ameshika s chini, na besi ana d ya chini. Mimi nilikuwa nimeandika paa nikaliita msingi.

Sisi tumelelewa na tuni iliyo sauti ya kwanza, kwa akina mama, na wanaume tunajaza chini. Hivyo sikio letu huenda juu lenyewe kutafuta wimbo. Sasa nimejifunza kulizuia. Kwenye kila wimbo natafuta kwanza yule anayesema maneno kwa utulivu kuliko wengine. Huyo ndiye mwenye tuni. Nikimpata, tena anajitokeza mwenyewe.

Papa wa Uvira alipoisikia rekodi kwa mara ya kwanza alicheka kwa furaha: "Mwalimu, huyu wa yulu anaimba ao analia?" Nikamwambia vyote viwili, Papa.

Februari 23

Wiki hii nimesoma kuliko nilivyosikiliza, na sijuti.

Kabla ya albamu kulikuwa na vitabu. Huko Lawrenceburg, Tennessee, mchapishaji James D. Vaughan alikuwa akiuza vitabu vya nyimbo, na mwaka 1910 akawaajiri wanaume wanne wazunguke wakiimba ili watu wanunue. Kwateti ya Injili ya kulipwa ilianza hivyo, kama matangazo ya kitabu. Baadaye kampuni ya Stamps-Baxter ya Dallas ikafanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Na vitabu hivyo vilikuwa na noti za maumbo. Niliona ukurasa mmoja nikakaa kimya muda mrefu. Kila noti ina kichwa chenye umbo lake: do ni pembetatu, mi ni almasi, sol ni duara, la ni mraba. Mkulima asiyejua kusoma mistari mitano ya Wazungu wa mjini alitazama umbo tu, akajua aimbe nini. Mfumo huu wa maumbo saba ulianza miaka ya 1840, na walimu walizunguka vijijini na kufungua shule za kuimba za wiki mbili, watu wakilipa kwa walichonacho.

Sasa, nani kati yetu hajakaa kwenye benchi la kwaya mbele ya ubao ulioandikwa d : r : m kwa chaki? Sisi tulipewa herufi, wao wakapewa maumbo, lakini ni do-re-mi ileile na sababu ni ileile: kumwezesha mtu asiye na piano nyumbani kushika sauti yake. Zaidi ya hapo, kwenye mikutano yao ya zamani ya kuimba wao hutanguliza majina ya noti, beti zima, ndipo maneno yafuate. Mwalimu wangu wa kwaya alitupiga marufuku kugusa maneno kabla solfa haijakaa. Alikuwa akituambia, "Maneno ni mgeni, mtandikieni kwanza."

Machi 8

Albamu tisa. Santuri moja niliyoinunua kwa muuzaji wa mitumba mtandaoni imefika imepinda kama chapati ya jana. Sindano inapanda na kushuka na sauti zinayumba. Muuzaji hajibu. Nimeiweka chini ya vitabu vizito, labda itanyooka.

Kundi la Chuck Wagon Gang wa Texas wamependwa nyumbani kuliko wote. Baba Carter na watoto wake watatu walianza katikati ya miaka ya 1930, wanawake wawili na wanaume wawili, gitaa moja tu nyuma yao. Mwaka 1948 walirekodi I'll Fly Away ya Albert Brumley, wimbo alioanza kuutunga mwaka 1929 akiwa shambani akichuma pamba. Hakuna anayejitutumua. Mke wangu alikuwa anakatakata mchicha, akasema, "Baba watoto, hawa wanaimba kama watu wanaoosha vyombo pamoja." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, nimeyanakili kwenye jalada la daftari.

Kuna albamu mbili za miaka ya 1980 zenye vinanda vya umeme na mwangwi mwingi ambazo nimezisikiliza mara moja nikaziacha. Zipo kwenye hesabu, lakini sizirudii.

Machi 23

Ralph Stanley, mwimbaji na mpiga banjo wa blugrasi. Cry from the Cross, 1971.

Niliisikiliza usiku baada ya zamu, taa zimezimwa. Stanley alikulia milima ya kusini-magharibi mwa Virginia, kati ya Wabatisti wa kale wasioruhusu ala yoyote kanisani. Kaka yake Carter, waliyeimba naye miaka ishirini, alifariki mwaka 1966, na kipindi hiki cha baada ya msiba ndicho Ralph alichoanza kuleta blugrasi nyimbo zisizo na ala kabisa. Watu walikuja kusikia banjo lake. Akaliweka chini, wanne wakasogea karibu, na ikabaki pumzi.

Kule makanisani kwao wana desturi ya kutoa mstari: mzee mmoja anautamka kwa haraka, nusu anasema nusu anaimba, kisha mkutano mzima unauchukua na kuuvuta taratibu, kila mtu na mapindo yake. Ilianza kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na wasomaji wachache. Nimeufahamu papo hapo. Kijijini kwa bibi yangu kitabu cha Tenzi kilikuwa kimoja, cha mwinjilisti, naye alitusomea mstari, tukaimba, akasoma mwingine. Nilidhani ni umaskini wetu sisi tu. Nikamsikia Stanley akivuta silabi moja kwa noti tano, nikamkumbuka bibi akivuta "Yesu kwetu ni rafiki" mpaka mbuzi nje wananyamaza.

Nimemsikiliza mara sita badala ya tatu. Ratiba imechelewa, na sawa tu.

Aprili 13

Nina uchungu, naandika hivyohivyo.

Wimbo uliopendwa zaidi na kundi letu hadi sasa ni Just a Little Talk with Jesus. Kila kwateti ya Kusini inauimba, kwa sababu kwenye kiitikio besi ndiye anayetangulia na wengine wanamjibu. Papa wa Uvira ameudai uwe wake. Nilitaka kujua mtunzi. Ni Cleavant Derricks, mchungaji Mbatisti, mtu Mweusi wa Tennessee. Wimbo ulichapishwa na Stamps-Baxter mwaka 1937, na malipo yanayosimuliwa ni nakala 50 za kitabu cha nyimbo, akaziuze mwenyewe. Miaka iliyofuata kwateti za Weupe ziliuimba kwenye majukwaa ambayo yeye asingeruhusiwa kuyapanda.

Ukishauvuta uzi huo, haukatiki. Peace in the Valley, uliopata umaarufu kwa sauti ya mwimbaji Mweupe Red Foley mwaka 1951, ni wa Thomas A. Dorsey, mtu Mweusi wa Georgia aliyehamia Chicago. Banjo yenyewe ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa, wakaunda kwa kibuyu na ngozi kile walichokuwa nacho kwao Afrika Magharibi. Ndani ya muziki unaoitwa wa Wazungu wa milimani kuna mikono yetu kila mahali, na kwenye majalada ya santuri hizi sura yetu haipo.

Nilifikiria kuacha. Nikazungumza na Papa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwalimu, kama wimbo ni wa ndugu yetu, basi tuurudishe kwetu." Tumeukubali uwe wa kwanza katika zile sita. Kwenye karatasi ya solfa, juu kabisa, kabla ya ufunguo, nimeandika: Mtunzi, Mchungaji Cleavant Derricks. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Mei 9

Leo nimeomba ruhusa kazini, nikaendesha hadi Rosine, saa mbili hivi kusini-magharibi mwa Louisville. Kijana wa baritoni alikuja nami.

Ni kijiji kidogo, reli inapita katikati. Kaburi la Monroe lipo makaburini pale, na mnara wake ni mrefu kuliko mengine yote. Nyumba waliyokulia, juu kwenye Jerusalem Ridge, imekarabatiwa na unaweza kuingia. Ni vyumba vya mbao vyenye dirisha la kutazama miti. Monroe alikuwa kitinda mimba, macho mabovu tangu utotoni, hivyo kanisani alishika sauti kwa sikio wakati wengine wakitazama maumbo kitabuni. Mama yake alifariki Monroe akiwa na miaka kumi, baba akafuata Monroe akiwa na miaka kumi na sita. Akachukuliwa na mjomba wake, Pen Vandiver, mpiga fidla wa dansi za vijijini.

Kijana alisimama mlangoni muda mrefu. Yeye pia hana mama, na alilelewa na mjomba kambini. Hakusema kitu. Aliimba tu, polepole, ile baritoni ya wimbo wetu, peke yake, bila tuni. Baritoni ikiimbwa peke yake haina umbo la wimbo, inakwenda kama mtu anayetafuta kitu sakafuni gizani. Lakini kwenye chumba kile cha mbao ilikaa.

Wilaya hiyohiyo ndiyo aliyotoka Arnold Shultz, mchimba makaa ya mawe Mweusi, mpiga gitaa na fidla, ambaye Monroe alimpigia gitaa kwenye dansi akiwa kijana mdogo na kumkiri maisha yake yote kama mwalimu. Alifariki mwaka 1931, hakuacha hata rekodi moja. Nilitaka jina lake liwepo kwenye shajara hii kwa siku hii.

Jioni tuliingia kwenye ghala la mbao ambako watu hupiga muziki kila Ijumaa. Mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi na tunaimba nini. Kijana akamjibu, "Gospel, sir. Four parts." Mzee akamkamata mkono hakuuachia.

Juni 15

Albamu 21. Mwezi huu ni wa kwateti ya Cathedrals, na nimewaacha kwa makusudi mpaka sikio lizoee.

Glen Payne alibeba tuni, George Younce aliimba besi. Walikuwa pamoja tangu miaka ya 1960 mpaka mwaka 1999. Younce hashushi besi ili kutisha. Anaishusha kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nimempa Papa kazi ya kumsikiliza huyu na kumsahau yule wa albamu ya nne, ambaye kila anapogonga noti ya chini anasubiri makofi. Kwenye Live in Atlanta ya mwaka 1983 Payne anaimba We Shall See Jesus, anaanza kama anayesimulia tu, na ufunguo unapanda, unapanda tena, mpaka unashangaa mtu mmoja anatoa wapi pumzi.

Kisha nikajua kisa cha Septemba 1999. Mkutano mkuu wa kwateti za Injili ulikuwa ukifanyika hapa hapa Louisville, Freedom Hall, karibu na uwanja wa ndege, jengo ninalolipita kila siku nikienda kazini. Ulikuwa mwaka wa Cathedrals kuaga. Payne alikuwa amelazwa, saratani ya ini imegundulika muda mfupi kabla. Aliimba kwa simu akiwa kitandani hospitalini, I Won't Have to Cross Jordan Alone, ukumbi mzima ukimsikiliza kwenye spika. Alifariki mwezi uliofuata.

Jumatatu asubuhi nilipolipita lile jengo nilizima redio ya gari.

Julai 6

Kazi ya kutafsiri imetukalisha wiki tatu, na kizuizi ni kimoja ambacho sikukitegemea.

Mistari ya Kiingereza huishia kwenye neno fupi la silabi moja, zito, na noti ya mwisho inaligonga kama mlango unaofungwa. Kiswahili hakifungi hivyo. Shada letu, yaani mkazo wa neno, liko silabi ya pili kutoka mwisho: ra-FI-ki, mwo-KO-zi, ma-O-mbi. Ukiweka "maombi" kwenye mistari yao, silabi nzito inaangukia noti dhaifu na "mbi" ndiyo inayopigiwa nyundo. Tuliimba hivyo mara moja, kaka wa Kakamega akasema inasikika kama mgeni anayejifunza Kiswahili. Nilipofungua Tenzi kuangalia wamisionari walifanya nini, nikaona wametuachia nyundo hiyohiyo kwenye nyimbo nyingi na sisi tumeizoea tu.

Nilijaribu kubadilisha maneno, halafu mpangilio wa maneno. Suluhisho likatoka kwa Papa bila yeye kukusudia. Alichoka, akashindwa kumaliza pamoja nasi, akachelewa pigo moja na kuingia na "mbi" peke yake, chini kabisa, baada ya sisi kunyamaza. Tukatazamana. Nikamwomba, "Papa, fanya tena hivyohivyo."

Kwa hiyo noti ya mwisho tumeipasua mara mbili, d . d. Sisi watatu tunashika silabi yenye shada na kuiacha, na besi anaipokea ile ya mwisho na kuilaza. Nimeandika upya mistari yote minane ya wimbo wa Derricks kwa namna hiyo. Sasa hauimbwi kama wanavyouimba huku, na maneno yanatamkika kama tunavyoongea sebuleni.

Hali ya mradi: albamu 24 kati ya 30, nyimbo nne kati ya sita zimeshaandikwa, mbili zimeshikwa bila karatasi. Ile santuri iliyopinda imenyooka nusu, upande wa pili unasikika. Jumanne tunakutana saa moja jioni jikoni kwangu, na mke wangu amesema atapika wali wa nazi endapo tena hatapanda juu kabla kuku hajaiva, kwa sababu mtoto analala chumba cha pili.